Walimcheka Mguu Mtandaoni, Bosi Akampa Ofa ya India: Yaliyomkuta Dansa wa Manzese

Ilianza na video ya sekunde 11 tu.

Kigodoro cha Jumamosi usiku, Manzese, uchochoro mmoja nyuma ya Barabara ya Morogoro. Singeli imepandishwa, ile ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika ambayo mgeni anaweza kudhani spika imeharibika. Katikati ya duara yupo dada mmoja, dansa anayejulikana kuanzia Tip Top mpaka Argentina, pekupeku, kanga kiunoni, anafanya kazi yake. Jamaa mmoja akatoa simu. Wenzake wote walikuwa wanarekodi kiuno. Yeye akashusha kamera chini na kuvuta karibu: mguu wa kulia.

Kidole gumba kimelala upande, kimewaegemea wenzake kama abiria aliyesinzia kwenye mwendokasi. Na pale kinapoanzia, pembeni, kuna nundu ya mfupa imetokeza, inang'aa kwa kusuguliwa na viatu.

Mpaka Jumatatu asubuhi video ilikuwa imeshazunguka mji. "Mguu umekata kona bila indiketa." "Kidole kinaenda Kimara, mguu unaenda Posta." "Jamani, mbona huu mguu una kiwiko?"

Mwanzoni alicheka na ye mwenyewe, akatupia na vikatuni vya kucheka machozi. Si unajua, ukionyesha umeumia ndo wanaongeza. Ila kuanzia wiki ile akaacha kuvaa ndala. Raba za kufunika muda wote, hata akienda chooni nje, hata akienda kununua vitumbua mlango wa pili. Nyumba nzima ya wapangaji ikajua kuna kitu.

Ambacho walimwengu wa kwenye simu hawakukijua ni kwamba ule mguu ulikuwa unauma, na si wa jana. Miaka minne. Kila akitoka kwenye kigodoro alikuwa anakaa kitandani, beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi chini, Panadol mbili mkononi, anasubiri kidole kipoe ndo alale. Kuna shughuli alizikataa kwa kisingizio cha homa, kumbe ni kidole. Na hakuna aliyejua zaidi ya mama yake, ambaye naye ana nundu kama hiyo, ndogo. Bibi mzaa mama alikuwa nayo kubwa zaidi, na bibi huyo maisha yake yote hakuwahi kuvaa kiatu cha mchuchumio.

Hilo ni jambo ambalo wengi hawalijui. Watu wakiona nundu ya kidole gumba wanasema "viatu virefu hivyo". Viatu vyenye ncha nyembamba kweli vinaibana na kuiharakisha, na wanawake wanaipata kuliko wanaume, lakini mara nyingi umbo lenyewe la mguu linatoka kwenye ukoo. Na ile nundu si nyama iliyoota. Ni mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba ambao umetanuka kuelekea nje, kidole kikarudi ndani, na kichwa cha mfupa kikabaki kimechungulia pembeni.

Sasa, simu ikishajua unachoumwa haikuachi. Usiku mmoja anapekua, ikamletea video ya daktari wa ng'ambo ameshika kitu kidogo cheupe, saizi ya kipande cha muwa, kina matundu na mfereji mmoja mwembamba. Daktari anasema hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu duniani, na baada ya leo kinatupwa.

Dada akakaa kitako.

Aliirudia ile video mara nyingi mpaka akaelewa. Mgonjwa anaingizwa kwenye CT-Scan, mguu unapigwa picha vipande vipande, vyembamba kama mkate wa silesi. Programu ya kompyuta inaviunganisha vile vipande na kutengeneza mfupa mzima kwenye kioo, unaugeuza utakavyo. Daktari anapanga operesheni hapohapo kwenye kioo kabla hajamgusa mtu: nakata hapa, nasogeza milimita kadhaa, nazungusha nyuzi kadhaa. Akiridhika, printa ya 3D inachapa kile kifaa. Sehemu yake ya chini imefinyangwa kufuata mabonde na vilima vya mfupa wa mgonjwa yule, kwa hiyo kinakaa sehemu moja tu, kama kifuniko na chupa yake. Siku ya operesheni kinatakaswa kuua vijidudu, kinawekwa juu ya mfupa, kinashikizwa kwa vipini, na msumeno unapita kwenye ule mfereji. Haupotei kulia wala kushoto.

Kazi yake ni hiyo tu, kuuongoza msumeno. Na sababu ya kuhangaika hivyo ipo. Mfupa wenye nundu haujaenda upande peke yake, mara nyingi umejisokota pia, kama kamba. Kwenye picha ya kawaida ya eksirei, ambayo ni bapa, kule kujisokota ni kugumu kukupima kwa jicho. Daktari akikunyoosha upande tu akasahau msokoto, kidole kinaweza kuanza kurudi kilikotoka.

Kwa mtu aliyeambiwa na mji mzima kwamba mguu wake umekata kona, kusikia kwamba kuna mashine inayoweza kupima kona ile nyuzi kwa nyuzi, ilikuwa kama kusikia jina lake linatajwa.

Akaiweka status. Maneno mawili tu: "Iko siku."

Kesho yake mchana akapigiwa na bosi.

Bosi ni yule anayemtafutia shoo, mtu wa mjini, gari nyeusi, simu tatu. Akaongea kwa upole ambao huwa hana. "Mdogo wangu, nimeona status yako. Hili jambo dogo. Nakupeleka India, wanakufanyia hiyo ya printa, unarudi mguu mpya. Hela yangu." Dada akashindwa hata kusema asante, machozi yanamtoka. Bosi akaendelea: "Ila tunarekodi kila kitu. Kabla, ndani ya operesheni, bandeji inafunguliwa, siku ya kwanza unatembea. Tunawafunga midomo. Na baada ya miezi miwili unaingia kwenye ziara ya Kanda ya Ziwa."

Ukweli usemwe, kwa dansa wa uswazi hiyo si ofa ya kuiangalia mara mbili. Mama wa watu alipoambiwa alinyamaza muda mrefu, anageuza chapati. Mwisho akasema, "Mwanangu, sijakataa. Lakini kabla hujakatwa na watu wa mbali, muulize kwanza daktari wa karibu. Kuuliza si ugomvi."

Na kweli karibu kupo. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, ile watu wanayoiita MOI, ipo kisheria tangu mwaka 1996, na mji una kliniki nyingine za mifupa. Kidole kupinda si ugonjwa wa kuonewa maajabu huko. Mabingwa wa mifupa duniani wameshaelezea zaidi ya njia 100 za kuunyoosha. Ukiona kitu kina dawa zaidi ya 100, jua mambo mawili: kinatibika, na hakuna dawa moja inayomfaa kila mtu.

Akapanda mwendokasi asubuhi, foleni ya kliniki akaimaliza saa nane mchana. Daktari alikuwa mtu wa makamo, hana haraka. Akamsimamisha wima, akamwambia avue vyote viwili, akaangalia miguu bila kucheka. Hilo peke yake lilimtoa dada kijasho. Eksirei ikapigwa akiwa amesimama, maana mguu uliobeba mzigo ndo unasema ukweli. Daktari akachora mistari miwili kwa kalamu juu ya picha, mmoja katikati ya kidole gumba, mwingine katikati ya ule mfupa wa nyuma yake. Akapima pembe.

"Kawaida ni chini ya nyuzi 15. Wewe una 33. Ikifika 40 tunaiita kali. Uko katikati, dada yangu."

Dada akatoa simu, akamwonyesha video ya printa. Daktari akaitazama yote mpaka mwisho. Akasema kifaa ni kizuri, kinapunguza kubahatisha, hata picha za eksirei zinazopigwa katikati ya operesheni zinaweza kupungua. Kina gharama zake, CT-Scan yake, na muda wa kukisubiri kitengenezwe. Na mpaka leo wanaopima mambo haya hawajaonyesha kwamba aliyekatwa kwa mfereji wa printa anatembea vizuri kuliko aliyekatwa na mkono mzoefu, ukiwafuata miaka mingi mbele. "Kinamsaidia daktari ajue wapi pa kukata," akasema. "Hakimwambii kama akukate."

Kisha akauliza swali ambalo dada analikumbuka mpaka kesho.

"Umekuja kwa sababu ya kidole, au kwa sababu ya simu?"

Akashindwa kujibu. Akaangalia ukutani, akaangalia raba zake, machozi yakaanza kudondoka kabla ya maneno. Daktari akamsukumia karatasi laini, akamweleza taratibu. Chama cha madaktari wa miguu na vifundo cha Marekani, huko huko video inakotoka, kimewashauri wanachama wake wasifanye operesheni ya nundu kwa mtu asiyeumia. Sababu ni rahisi: mguu usiouma ukikatwa unaweza kuanza kuuma. Kidole kinaweza kukaza kikawa hakikunji vizuri. Ganzi inaweza kubaki. Nundu inaweza kurudi. Kwa mtu anayeumia, hatari hizo unazipima na maumivu uliyonayo. Kwa mtu anayechekwa, unazipima na nini?

"Lakini mimi naumia, dokta."

"Najua. Nimekubonyeza nikaona uso wako. Ndo maana nataka tukate kwa sababu hiyo, siku ikifika. Si kwa sababu ile nyingine."

Halafu wakahesabu. Na hapa ndipo hadithi yote ilipogeuka, maana ile video ya ng'ambo haikuonyesha hesabu hii.

Mfupa uliokatwa, ukatwe na printa au na jicho, unaunga kwa mwendo wake uleule, wiki sita mpaka nane. Mashine haiuharakishi. Wiki mbili za mwanzo mguu unakaa juu ya mto, juu kuliko moyo, la sivyo unavimba. Baada ya hapo unatembea na kiatu maalum kigumu, unakanyagia kisigino. Uvimbe unaweza kukaa miezi. Kuruka, kuzunguka, kupiga chini kwa kasi ya singeli, hiyo ni miezi sita kwenda mbele, wengine mwaka. Kwa hiyo ile ya "baada ya miezi miwili unaingia ziara" ilikuwa hesabu ya mtu anayeangalia kalenda ya shoo, siyo ya mifupa.

Alirudi Manzese na hesabu nyingine kichwani, ya kwake. Chumba chake kiko mwisho wa korido. Choo kiko nje, uvuke mtaro. Maji ni ya dumu, unabeba mwenyewe. Mvua ikinyesha uwanja wote ni tope, na kidonda hakitakiwi kuloa. Mama anatoka saa kumi alfajiri kwenye chapati. Kodi ni ya miezi mitatu mitatu. Nani atabeba maji? Nani atamshika mkono kuvuka mtaro usiku? Miezi sita bila kigodoro hata kimoja, anakula nini?

Bosi alikuwa amelipia kukatwa. Kukaa hakuna aliyekulipia.

Alipompigia na kumwuliza habari hiyo, "bosi, na ile miezi sita ya kukaa itakuwaje?", upande wa pili kulikuwa na ukimya, halafu: "Sasa mdogo wangu, mbona unaanza kuwa mgumu?" Akamwambia pia kwamba hataki kamera ndani ya chumba cha operesheni. Bosi akasema atamrudia. Hakurudi. Ziara ya Kanda ya Ziwa ilienda na dansa mwingine, binti wa miaka 20, na picha za Mwanza zikatupiwa kila siku kwa wiki mbili. Dada aliziangalia zote. Asiseme mtu kwamba halikumuuma, lilimuuma kuliko kidole.

Katika siku hizo za kununa ndo mama yake akampeleka kwa fundi viatu, mzee mmoja anayekaa na meza yake karibu na daraja la Manzese la kuvukia kwa miguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Vua."

Mzee akachana boksi la katoni, akaliweka chini, akamwambia akanyage kwa uzito wote. Akapitisha kalamu kuzunguka mguu, polepole, na alipofika kwenye nundu hakuikata kona, akaifuata ilivyo. Akachukua kisu akalikata boksi kwenye mstari. Kikapatikana kipande chenye umbo la mguu ule na si mguu mwingine wowote Dar es Salaam. Akakilaza juu ya ngozi, akakibana kwa kidole, kisu kikapita pembeni yake.

Dada akaanza kucheka. Akamwonyesha mzee ile video ya printa. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaitazama, akasema, "Si ndo hiki? Wao wanakata mfupa ufuate karatasi. Mimi nakata kiatu kifuate mfupa." Akaongeza, "Kazi yao ngumu zaidi. Mimi nikikosea, nakata ngozi nyingine."

Raba ilitoka na sehemu ya mbele pana, na pale penye nundu mzee alikuwa ametoa kitambaa kigumu akaweka laini kinachovutika. Si nzuri. Rangi zake hazifanani. Lakini kigodoro cha kwanza alichocheza nayo, alirudi nyumbani akalala bila beseni.

Hapa isieleweke vibaya. Daktari alimwambia wazi na akarudia alipoiona ile raba: kiatu kipana hakinyooshi mfupa hata nyuzi moja, na zile soksi za kutenganisha vidole zinazouzwa mitandaoni nazo hazinyooshi. Vinapunguza msuguano na maumivu, basi. Nyuzi 33 zipo palepale na huenda zikaongezeka. Ila sasa anaweza kusubiri bila kuumia kila usiku, na mtu anayeweza kusubiri anachagua vizuri.

Mwaka umepita tangu video ya sekunde 11. Maumivu yamepungua, hayajaisha, na kuna siku yanarudi kwa hasira. Kwa hiyo uamuzi ameufanya: atakatwa, hapahapa Dar es Salaam, baada ya msimu wa masika, uwanja ukikauka. Daktari atatumia eksirei, kalamu na mkono wake. Kama siku hiyo ikikuta ile ya printa imeshafika karibu na bei yake inashikika, ataiuliza. Kama haipo, hatailia.

Kwenye kikoba cha akina mama wa chapati ameingia na yeye. Kila Jumapili anaweka. Wenzake walimwuliza anaweka kwa ajili ya operesheni? Akasema hapana, ya operesheni iko kwingine. Hii ni ya kukaa. Ya kodi, ya kula, ya binti wa jirani atakayebeba maji kwa miezi miwili. Imefika laki saba na nusu, lengo ni milioni na laki mbili.

Juzi mama yake alimtania, "Na wale wa kwenye simu je, utawaonyesha mguu mpya?"

Akajibu huku anafunga kamba za ile raba isiyofanana, kigodoro kinamsubiri: "Mama, wale hata mmoja hawezi kunibebea dumu la maji. Watauona wakiuona."

Kipande cha katoni bado anacho. Kiko chini ya godoro, kwenye bahasha moja na picha ya eksirei yenye mistari miwili ya kalamu.

Wadau, bosi analipa kila kitu ila kamera inaingia mpaka chumba cha operesheni, na miezi sita ya kukaa ni juu yako. Ungekuwa wewe, ungepanda ndege?